Regina Hakwenda Barazani

Mwaka 1971 ulitupatia Watanzania maandishi mawili juu ya ndoa, na kwa zaidi ya miaka hamsini nimeyaona yakisomwa na watu wawili wasiokutana. Andiko la kwanza ni Sheria ya Ndoa, Sheria Na. 5 ya mwaka huo, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei. La pili ni Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba. Mahakimu na mawakili huisoma sheria. Walimu wa Kiswahili na wanafunzi wao huisoma riwaya. Hakimu hana haja na Zakaria, wala mwalimu hana haja na kifungu cha 107. Mimi nilikuwa mwalimu wa walimu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kisha nikastaafu na kurudi huku Isikizya kwenye shamba na mizinga ya nyuki, na sasa nina wasaa wa kuyafungua yote mawili juu ya meza moja. Ninayoyaandika humu ni uhakiki, ijapokuwa najua wako watakaouliza sheria inahakikiwaje. Inahakikiwa kama andiko lolote lile: kwa kuuliza limeona nini, limefumbia macho nini, na limechagua maneno gani.

Kwa ajili ya msomaji ambaye hajaisoma riwaya, nitasema machache. Zakaria alikuwa mwalimu akafukuzwa kazi kwa ajili ya ulevi. Anakunywa, anampiga mkewe Regina, na anaitawala nyumba kwa hofu. Rosa, binti yake, akiwa bado mtoto wa shule, anakutwa na barua ya mvulana aitwaye Charles, na baba anampa kipigo ambacho msomaji hakisahau. Msichana anakua akiwaogopa wanaume kuliko anavyowajua. Anakwenda shule ya sekondari ya wasichana, kisha chuo cha ualimu Morogoro, na huko, akiwa mbali na fimbo ya baba, anaachia kamba zote. Mwisho wake ni kujiua kwa mkono wake mwenyewe. Mwanzoni kitabu kilipigwa marufuku kufundishwa madarasani. Baadaye kikawa kitabu cha kawaida cha sekondari, hapa kwetu na hata Kenya. Nimewahi kujiuliza kama kilichowauma wakubwa wa elimu kilikuwa mambo ya mapenzi peke yake, au pia ile sura wanayopewa waalimu, ambao humo ndani hawawalindi wasichana waliokabidhiwa. Kezilahabi alifariki Januari 2020. Marufuku imekwisha sahaulika, na kitabu kingali kinasomwa.

Sasa tazama jinsi kinavyosomwa. Swali linalopendwa, katika mitihani ya majaribio na katika vile vijitabu vya mwongozo vinavyouzwa mitaani, ni hili: nani alaumiwe kwa kifo cha Rosa? Nimesahihisha majibu yake kwa mamia. Mwanafunzi mmoja atamlaumu baba kwa malezi ya kikali mno, mwingine atamlaumu Rosa mwenyewe kwa tamaa, wa tatu shule, wa nne usasa. Majibu si mabaya. Lakini angalia anapokuja Regina. Regina hupewa aya moja, tena chini ya kichwa cha "nafasi ya mwanamke katika jamii", na ndani ya aya hiyo neno moja halikosi kamwe: mvumilivu. Regina ni mwanamke mvumilivu. Mwanafunzi huandika hivyo kwa nia ya kumsifu, akapata alama yake, akaendelea mbele.

Uvumilivu kwetu ni sifa, na sina ugomvi na sifa hiyo mahali pake. Mkulima wa tumbaku asiye na uvumilivu havuni kitu. Lakini mtu anayevumilia ukame na mtu anayevumilia ngumi hawafanyi kazi moja. Ukame hauna nia, na wala haurudi nyumbani usiku ukigonga mlango. Hapa ndipo mwongozo wetu wa fasihi ulipopotoka: ulichukua kosa la mume ukaligeuza kuwa sifa ya mke, na kwa kufanya hivyo ukamwondoa Zakaria pale penye tendo lake. Katika madarasa yetu Zakaria hushitakiwa kwa ulezi. Kwa ndoa hashitakiwi.

Sheria, iliyotoka mwaka uleule, ilikuwa imekwisha sema vingine. Kifungu cha 66 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa viboko au kipigo, hata kama mila inasema anayo. Ni sentensi moja tu. Ukiisoma kwa makini utaona kwamba inataja mila waziwazi na kuipiga teke, jambo ambalo waandishi wa sheria hawalifanyi ovyo. Serikali ilikuwa imechapisha mapendekezo yake mwaka 1969, watu wakayajadili kwa ukali, wengine wakidai kwamba wanaume wananyang'anywa nyumba zao. Kupitisha sentensi ile kulitaka ujasiri.

Hata hivyo ina upungufu ambao mhakiki hawezi kuunyamazia. Inasema haki haipo, basi, inaishia hapo. Haisemi mwenye kukiuka atapata nini. Ni sawa na mkuu wa shule kubandika ukutani kwamba ni marufuku kuchelewa, kisha asiweke kengele wala daftari la mahudhurio. Mwenye kupigwa anabaki kutafuta msaada wake kwenye sheria nyingine za jinai, au avute subira mpaka kifungu cha 107.

Kifungu hicho cha 107 ndicho kitovu cha jambo. Kabla yake, katika desturi nyingi za kisheria zilizotufikia kutoka Uingereza, kuvunja ndoa kulitaka kosa: mmoja mkosaji, mwingine msafi. Sheria yetu ilichukua njia nyingine. Inauliza swali moja: je, ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika? Kisha inaorodhesha mambo ambayo mahakama yaweza kuyapokea kama ushahidi wa kuvunjika huko. Uzinzi umo, kutelekezwa kwa muda wa angalau miaka mitatu kumo, kifungo kirefu kimo, wazimu usiotibika umo. Na ukatili umo, ukiwa umeandikwa kwa namna ambayo nataka msomaji aitie akilini: ukatili wa mwili au wa akili, aliofanyiwa mwombaji au waliofanyiwa watoto wa ndoa hiyo. Nitarudi kwenye hao watoto.

Neno lenyewe kwanza. Sheria haikutoa maana ya ukatili, iliwaachia mahakama. Tena kwa miaka hamsini sheria hiyo iliishi katika Kiingereza, huku Mahakama ya Mwanzo, ambayo ina mamlaka ya kusikiliza mashauri ya talaka, ikifanya kazi yake yote kwa Kiswahili. Ni mwaka 2021 tu ndipo sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo kwa nusu karne hakimu wa kijijini alikuwa akitafsiri kichwani mwake, na neno alilolikuta tayari kwenye ulimi wa watu ni hili la ukatili. Ni neno zito kupita kiasi. Asili yake ni Kiarabu, mzizi mmoja na kuua, na hata sasa ukimwita mtu katili, masikio ya Waswahili husikia damu. Katili ni mnyang'anyi wa barabarani, ni mkoloni mwenye kiboko cha ngozi ya kifaru. Je, mume anayeficha ufunguo wa ghala ni katili? Anayekaa miezi minne bila kumsemesha mkewe, akiwatuma watoto kupeleka maneno? Mwanamke atasema anaonewa, ananyanyaswa, anateswa. Neno ukatili atalisogelea kwa woga, na karani akimuuliza, "Alikufanyia ukatili gani?", atakaa kimya kwa sababu hakuuawa.

Waingereza wenyewe walinaswa katika mtego huo. Mwaka 1897, katika shauri la Russell na Russell, baraza lao kuu la rufani liliamua kwamba ukatili hautahesabiwa kuwa ukatili pasipo hatari kwa uhai, kiungo au afya ya mtu. Waandishi wa sheria yetu ya 1971 walipoongeza neno "akili" pembeni ya "mwili" walikuwa wanakata kamba hiyo. Wameifungua kwenye karatasi. Kwenye masikio ya watu bado imefungwa.

Naandika hivi kwa kuwa nimeona mfano wake, na nina ruhusa ya mwenyewe kuusimulia mradi nisimtaje. Alikuwa mwanachuo wangu zamani, mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha mbali na mji. Alikuja na karatasi tatu alizoandika kwa mkono, akasema, "Shikamoo Mwalimu, naomba unisomee kama ulivyokuwa ukitusomea insha." Zilikuwa maelezo yake kwa ajili ya baraza la usuluhishi. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa mume alikuwa amempiga mara mbili. Mara mbili hizo alikuwa amezieleza kwa mistari sita, pamoja na tarehe na namba ya fomu ya PF3. Kurasa zilizobaki zilikuwa juu ya mambo mengine: kadi ya benki ambayo mume aliishika tangu mwaka wa pili, hata mshahara wake mwenyewe akawa anauomba kama mtoto, mlango uliofungwa kwa ndani usiku ule aliochelewa kwenye msiba wa shangazi, jinsi mume alivyowafundisha watoto kumwita kwa jina la dhihaka, na watoto, kwa kuogopa, wakamwita.

Alikuwa amekwisha onyesha maelezo hayo kwa mtu mmoja mwenye kujua mambo ya mahakama, na mtu huyo alikuwa amepiga mstari mwekundu kurasa zote isipokuwa ile mistari sita. Alimwambia mengine ni hadithi.

Akaniuliza, "Mwalimu, huu ni ukatili, au ni mimi sina subira?"

Nikamwambia, "Mwanangu, kaa kwanza." Kisha nikamsomea kifungu, neno kwa neno, nikikifasiri, nikasimama kwenye "akili". Kama mwalimu wa insha ningempa alama za juu kwa zile kurasa zilizofutwa. Ile mistari sita inaeleza matukio, na matukio mawili katika miaka kumi na mmoja yaweza kumfanya mzee wa baraza atikise kichwa na kusema vikombe ndani ya kabati havikosi kugongana. Kurasa zile nyingine zinaonyesha nyumba ilivyokuwa. Alirudisha maelezo yote, akayapanga kwa miaka, akaongeza majina ya walioona. Baraza lilimrudisha nyumbani mara mbili wakajaribu tena. Mara ya tatu likampa hati ya kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na mahakama ikavunja ndoa. Sidai kwamba ni kwa ajili ya karatasi zile. Ila hakimu, aliponukuu ushahidi katika hukumu yake, alitaja kadi ya benki kabla ya kipigo.

Kezilahabi aliliona jambo hili bila kuhitaji kifungu. Ukimsoma polepole utagundua kwamba kipigo ndani ya riwaya hakichukui kurasa nyingi. Kinachochukua nafasi ni hali ya hewa ya nyumba ile: watu wanavyosikiliza nyayo za Zakaria akirudi kilabuni, mazungumzo yanavyokatika, chakula kinavyogeuka kuwa hesabu. Hapo riwaya inaishinda sheria, wala si kwa mbali kidogo. Sheria inataka tukio, siku na shahidi. Mwandishi anaonyesha jinsi woga unavyokuwa sehemu ya samani za nyumba. Laiti ningekuwa na uwezo ningeagiza kila mjumbe wa baraza la usuluhishi asome sura za mwanzo za Rosa Mistika kabla ya kukalia kiti.

Maana baraza ndilo mlango. Chini ya kifungu cha 101 huwezi kupeleka ombi la talaka mahakamani mpaka kwanza mgogoro upitie kwenye baraza la usuluhishi la ndoa na baraza lithibitishe kushindwa. Huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Yako mabaraza ya kata, yako ya jumuiya za dini. Wazo lake ni jema, nami sitalibeza. Ndoa nyingi zimeponea hapo, hasa zile za ugomvi wa fedha na mawifi. Zipo pia nafasi za kulipita baraza: mwenzi akitoroka asijulikane alipo, akikataa kuitikia wito wa baraza, au mahakama ikiridhika kuwa kuna mazingira ya pekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Kipigo hakikutajwa kwa jina katika orodha hiyo. Mwanamke aliyepigwa analazimika ama kuthibitisha kwamba yake ni mazingira ya pekee, ama kukaa kwenye benchi moja na aliyempiga, mbele ya watu wazima wanaotafuta namna ya kuwapatanisha. Kupatanisha ndiyo kazi yao. Wakifanikiwa wamefanikiwa kumrudisha.

Tuwaze basi kwamba Regina amekwenda. Nani angekuwa amekaa pale? Katika kijiji cha namna ile, wazee wa baraza ni watu wanaomfahamu Zakaria, walioketi naye kilabuni, na pengine waliomwita Mwalimu kabla hajafukuzwa. Wangempa soda. Wangemwambia Zakaria apunguze pombe na Regina apunguze maneno, ingawa Regina maneno hana. Kisha wangewasindikiza.

Huku kwetu Unyamwezi kuna jambo la kuongeza, kwa sababu watu wa mjini hupenda kusema kwamba talaka ni kitu cha kuigwa. Si kweli. Waliochunguza mila za Wanyamwezi waliona zamani kwamba ndoa zilivunjika mara kwa mara na watu waliendelea na maisha. Babu zetu walibeba mizigo ya pembe na nguo kati ya Tabora na Bagamoyo, mwanamume akaondoka kiangazi na asijulikane atarudi lini au kama atarudi. Nyumba isiyoweza kusimama kwa mikono ya mwanamke isingesimama kabisa. Kizuizi hakikuwa aibu. Kizuizi kilikuwa ng'ombe. Ilikuwapo ndoa ya mahari na ndoa isiyo na mahari. Katika ile ya mahari watoto walikuwa wa upande wa baba, na katika ile nyingine walihesabiwa kwa upande wa mama mpaka walipokombolewa. Ndoa ya mahari ikivunjika, ng'ombe walidaiwa. Mwaka 1963 serikali ilipochapisha sheria za mila, kazi iliyotegemea sana uchunguzi wa Hans Cory, urudishaji wa mahari ulipimwa kwa kosa la nani na idadi ya watoto. Sasa ng'ombe wale wako wapi? Kaka wa mwanamke amekwisha kuwaolea. Kwa hiyo dada anapokimbilia kwao na jicho limevimba, anayempokea mlangoni ni mtu mwenye sababu nzuri kabisa ya kumshauri avumilie. Nimewasikia ndugu wa namna hiyo. Hawana roho mbaya, wana deni.

Kuhusu dini nitapita haraka. Waislamu, ambao Tabora ni wengi tangu enzi za misafara, wana njia zao za khului na faskhi, na kifungu cha 107 kimeziwekea ibara yake. Siziingii humu kwa kuwa Regina ni Mkatoliki. Kwa Wakatoliki watu hudhani hakuna la kufanya ila kubeba msalaba. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 1153, unamruhusu mwenzi aliyewekwa katika hatari kubwa ya roho au ya mwili, yeye au watoto, aondoke na kuishi mbali, ijapokuwa kifungo cha ndoa kinabaki. Sijapata kuisikia kanuni hiyo ikisomwa siku ya harusi.

Kuna swali jingine ambalo riwaya haikuligusa na ambalo wanawake wa vijiji vyetu huliuliza kabla ya yote: nikitoka, natoka na nini? Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa pamoja, ikiangalia mchango wa kila mmoja. Kwa miaka zaidi ya kumi mahakama hazikukubaliana kama kupika, kufua na kulea ni mchango. Mwaka 1983, katika rufani ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango. Ni kinyume cha kuchekesha kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu mahakama iliona alikwisha kufuja fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya biashara ya familia. Kanuni ikabaki, mwenye kuileta akaenda mikono mitupu. Huku kwetu, mke wa mkulima wa tumbaku amepanda kitalu, amechuma majani, amekesha na moto wa bani, na jina lililoandikwa kwenye chama cha msingi ni la mume. Kwa kanuni ile ya 1983 ana hoja mbili, ya jikoni na ya shambani. Wengi wanaondoka bila kudai hata moja, wakisema wanachotaka ni amani.

Wasije wakadhani wasomaji kwamba haya ni mambo ya Zakaria mmoja. Shirika la Afya Duniani lilipochapisha mwaka 2005 utafiti wake wa nchi mbalimbali, miongoni mwa wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi, asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 mkoani Mbeya walisema wamewahi kutendewa na mwenzi huyo ujeuri wa mwili au wa kimapenzi. Walimu wenzangu waliokuwa wakiwauliza wanafunzi nani alaumiwe kwa kifo cha Rosa walikuwa wakiwauliza watoto ambao wengi wao walilala usiku uliopita ndani ya sura ya kwanza.

Kwa Kezilahabi nina lawama moja, na nadhani ni ya haki. Alimpa Zakaria kazi aliyoipoteza, uchungu, hata kitambo cha huruma. Alimpa Rosa akili na mwili na hasira. Regina hakumpa nia. Tunamwona akilima, akilea, akiumia, lakini hatumsikii hata mara moja akipima kuondoka na kuamua kubaki. Mtu anayebaki kwa uamuzi ana sababu, na sababu hizo, yaani watoto, shamba, kaka mwenye deni, Kanisa, ndizo zingetuonyesha nani hasa wanaomshika Regina nyumbani. Mwandishi alipoziacha, alituachia sisi walimu pengo, na pengo hilo ndilo tulilolijaza kwa neno mvumilivu.

Sasa turudi kwa watoto, kama nilivyoahidi. Sheria ilisema ukatili aliofanyiwa mwombaji, au waliofanyiwa watoto. Maana yake ni kwamba kile kipigo cha Rosa kwa ajili ya barua ya Charles, ambacho vitabu vya mwongozo vyote vimekiweka chini ya malezi, kwa macho ya kifungu cha 107 ni ushahidi katika shauri la mama yake. Regina angeweza kusimama mbele ya hakimu na kusema, ndoa yangu imevunjika, na kielelezo ni mgongo wa binti yangu. Sheria imeviunganisha vitu viwili ambavyo darasa letu limevitenga kwa nusu karne, na kwa kuviunganisha inatupa namna nyingine ya kuisoma riwaya: maangamizi ya Rosa hayakuanzia kwenye barua wala Morogoro. Yalianzia kwenye ndoa ambayo hakuna aliyefikiri kwamba inaweza kuuliziwa.

Walimu vijana wa shule za jirani hunitembelea mara moja moja kuazima vitabu. Swali ninalowapa siku hizi ni kwamba waandike maelezo ya Regina kwa baraza, kurasa zisizozidi tatu, wakitumia yaliyomo katika riwaya tu. Ni kazi ngumu kuliko wanavyodhani. Wengi huanza na pombe. Mmoja, msichana wa mwaka wake wa pili kazini, alianza na watoto, akawaorodhesha mmoja mmoja, na mbele ya kila jina akaandika kile ambacho mtoto huyo alikuwa amekwisha kukiona. Alipofika mahali pa mashahidi aliandika jina la Rosa, kisha akaniuliza kama binti anaweza kutoa ushahidi dhidi ya baba yake. Nilimwambia anaweza.